Hadithi Iliyokataa Kumzika Mikdad

Zamani habari ya kifo iliingia nyumba za Bagamoyo kwa miguu, imevaa kanzu safi na kushika birika lisilo na moto. Siku hizi habari na uongo huingia pamoja kupitia simu, na anayesema hamwoni anayelia.

Mzee Bwanausi aliijua ile ya zamani kwa sababu miguu ilikuwa yake. Alikuwa muuza kahawa, na ni muuza kahawa mpaka leo, ingawa wanywaji wamebaki wachache na vijana wanajikorogea vipakiti vya dukani wamesimama, kama watu wanaofukuzwa. Hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani. Kusoma magazeti alijifundisha mwenyewe kwa karatasi za kufungia kashata. Karatasi hizo zilikuwa zimechanwa vipande, kwa hiyo alisoma mwanzo wa hadithi bila mwisho, au mwisho bila mwanzo, na sehemu iliyokosekana aliitunga kichwani njia nzima akigonga vikombe. Hivyo ndivyo alivyopata ulimi. Akikaa baraza lolote mji mkongwe, akamimina, akaanza kusimulia, hakuna aliyenyanyuka mpaka birika limekauka.

Na kwa sababu alijua kusema, na kila nyumba ilimjua, wazee wa mji walimpa kazi nyingine isiyokuwa na ujira. Mtu akifa mbali, baharini au safarini, habari haikutupwa tu mlangoni kama mzigo wa kuni. Bwanausi alizima makaa yake, akavaa kanzu safi, akapita mtaani baada ya sala ya alasiri na birika baridi. Watu walipoona birika halitoi moshi walinyamaza, na wenye watoto wakawaita ndani. Alipofika alikaa barazani, hakuingia. Aliletewa maji kama mgeni yeyote, na maji yale hakuyagusa, kwa kuwa maji ya nyumba ile siku ile yalikwisha kuwa ya msiba. Kisha alisimulia hadithi ya msafiri. Alimtaja msafiri huyo kidogo kidogo, mara kilemba chake, mara kikohozi chake, yote katika kikao kimoja, mpaka mwenye nyumba akamtambua. Akiulizwa, "Je, ni kweli?" alijibu, "Ni hadithi tu." Hilo lilikuwa jibu la adabu, na kila mtu alijua maana yake ni ndiyo. Mwisho msafiri alilazwa ubavu wa kulia, hadithi ikafungwa, na wanawake ndipo walipolia.

Kulikuwa na masharti mawili. Mleta habari hasimulii mpaka awe amesikia kwa aliyeuona mwili kwa macho yake. Na jamaa wakitaka kupaona mahali msafiri alipolala, mleta habari ndiye anayewaongoza. Hawezi kukataa.

Werevu ulihitajika, tena mwingi. Ukianza karibu mno unamwua mtu kwa mshtuko, ukianza mbali mno unamtesa. Ufundi ulikuwa kumfikisha msikilizaji mlangoni, halafu kumwacha afungue mwenyewe. Kazi hiyo imekufa. Hakuna aliyeizika.

Chausiku, mkaanga samaki wa sokoni ufukweni, alikuwa mtu wa mwisho mjini aliyeiamini. Alikuwa binti mdogo Bwanausi alipokuja kwao na birika baridi kumsimulia mama yake hadithi ya msafiri aliyependa kutembea na fimbo ya mkwaju. Fimbo hiyo ilikuwa ya baba yake. Alisimama nyuma ya mlango akasikia yote, akaona bilauri ya maji imekaa barazani haijaguswa, na hakusahau.

Alipokuwa mtu mzima aliolewa na Mikdad, mvuvi, mtu mpole mwenye tabia zake. Mikdad alifunga suruali kwa kipande cha kamba ya kijani ya wavu, mkanda hataki kuusikia. Samaki alianza kumla mkiani. Na hakuingia nyumba yoyote, hata yake, bila kupiga mluzi mfupi kama mtu anayeita kuku. Alisema hapendi kumkuta mtu na siri yake. Mwaka mmoja alikwenda dago, kambi ya wavuvi huko kaskazini, na asubuhi moja akatoka peke yake na ngalawa kufuata wavu uliokatika. Hakurudi yeye wala ngalawa. Mwili haukuonekana, kwa hiyo hapakuwa na wa kuleta habari, na Bwanausi hakuzima makaa yake.

Miaka ikapita. Shehe akamwambia Chausiku kwamba muda umetosha, mtu ahesabiwe marehemu; akae eda, akimaliza yu huru. Na mtu wa kumwoa alikuwepo. Majaliwa, mkulima wa Mapinga aliyefiwa na mke, ambaye shamba lake lilikuwa limezungukwa na viwanja vya watu wa Dar na yeye bado analima mihogo katikati ya kuta zao. Alikuja sokoni na mihogo, akaondoka na samaki, akarudi tena na mihogo ambayo hakuna aliyeiagiza. Wanawake walicheka, na Chausiku naye akaanza kucheka. Walikubaliana mwezi ukiandama aingie eda. Mzee Bwanausi alifurahi kuliko alivyoonyesha. Alitaka kumwona mtoto yule amefunga mlango mmoja na kufungua mwingine kabla yeye mwenyewe hajafungiwa.

Ndipo ilipoanza ile sauti.

Siku hiyo alipita sokoni na birika lake. Wakaanga samaki walikuwa wameweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti itoke kubwa, na wote wameinamia makarai yao, masikio kwenye sufuria.

"Nyamazeni, Faki yu njiani!" alisema Wahida, mwenye karai la jirani. "Leo anavuka Pangani."

"Angekuwa na akili angebaki huko huko," mwingine akadakia. "Mwanamume kapotea miaka yote hiyo, anarudi kufanya nini? Kuulizia chai?"

"Wako hajapotea hata siku moja, na chai bado anaulizia."

Wakacheka. Bwanausi aliitambua sauti ya sufuriani. Ilikuwa ya Twalib, fundi simu mwenye kibanda pale pale ufukweni, kijana mwenye meno mazuri na maneno mengi. Alikuwa ameanzisha simulizi ya sauti, *Faki Yu Njiani*, anairekodi vipande na kuirusha kwenye makundi ya simu, na inasikilizwa mpaka Muscat, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Ilikuwa habari ya mvuvi aliyepotea ambaye anarudi kwa mkewe polepole, bila kumwambia mtu, kila kipande akiwa amesogea karibu zaidi.

"Faki hakuingia nyumba yoyote bila kupiga mluzi kwanza," ilisema sauti ya sufuriani. "Mluzi mfupi, kama anayeita kuku. Akakaza kamba yake ya kijani kiunoni, akatazama kusini. Huko kulikuwa na mwanamke ambaye hakujua kwamba anajiwa." Kisha mluzi wenyewe ukasikika, na kipande kikaisha.

Wanawake wakapiga kelele za uchu. Chausiku hakupiga. Alikuwa ameshika upawa hewani, na vibua vyake vilikuwa vinaungua. Moshi mweusi ulipanda usoni pake na yeye hakupepesa.

"We Chausiku! Samaki!" alisema Wahida.

"Nimewaona," alijibu, lakini hakuwa akitazama samaki.

Jioni, kabla ya magharibi, alikuja kwa Mzee Bwanausi. Alimkuta akiosha vikombe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. "Babu, Twalib katumwa na nani?"

"Katumwa nini?"

"Habari ya Mikdad. Nani kamwona?"

Bwanausi akaweka kikombe chini. "Sikiliza, Chausiku. Yule ni kijana anacheza. Mikdad alikuwa akishinda kibandani kwake, kamjua, kachukua mluzi na kamba kupambia uongo wake. Ile si habari. Ni hadithi tu."

Mara tu neno lilipotoka alijua amelikosea mahali. Chausiku alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mzee anayetimiza wajibu.

"Ndivyo ulivyomwambia mama," alisema. Akapanga vizuri ushungi wake, akaaga, akaenda zake.

Asubuhi yake mzee alikwenda kwa Twalib. Kibanda kilikuwa kimejaa simu zilizofumuliwa, na juu ya meza kulikuwa na kitambaa alichojifunika Twalib wakati wa kurekodi, ili kelele za mnada wa samaki zisiingie.

"Karibu, mzee wangu! Mwalimu wangu huyo!" Twalib alimpisha kiti. "Umesikia kipande cha jana?"

"Nimesikia. Yule ni Mikdad."

Twalib akacheka bila haya. "Nimemwazima kidogo tu. Ukimtia mtu halisi ndani ya uongo, uongo unatembea wenyewe. Si wewe uliyetufundisha barazani?"

"Mimi nilikufundisha kumtesa mkewe?"

"Hadithi bila ujanja ni taarifa ya polisi, mzee."

"Nani kakwambia mimi siupendi ujanja? Ujanja ndio uliolisha watoto wangu." Bwanausi aliinama mbele. "Lakini mimi nilikuwa naona uso. Nikiona mtu kashindwa kumeza, nakata kona, nampumzisha. Nikiona kamtambua msafiri, naacha maneno, namwachia. Wewe humo ndani ya kitambaa unamwona nani?"

Twalib akamgeuzia simu. "Naona hivi vialama. Huyu kasikia. Huyu kasikia. Huyu kasikia mara mbili."

"Na Chausiku? Kialama chake kinasema nini?"

Kijana akaiweka simu chini. Si mtu mbaya; ubaya wake ulikuwa kupenda sana kusifiwa kwa kuwazidi watu akili. "Hajui kuwa ni mchezo?" akauliza.

"Yeye ni mtoto wa watu waliopelekewa vifo kwa hadithi. Kwake mtu anayetaja mluzi wa Mikdad ametumwa. Mwue Faki. Mzamishe, azikwe, isomwe fatiha, ufunge. Mwezi unaandama wiki hii, anataka kukaa eda."

"Nimwue Faki?" Twalib akashika kichwa. "Mzee, wasikilizaji wataniua mimi!"

Akacheka sana kwa maneno yake mwenyewe. Bwanausi hakucheka.

"Basi niambie mwisho wake. Faki ni mzima au mzimu? Anarudi kufanya nini?"

"Mwisho hauambiwi mtu. Hata mama yangu hajui."

Mzee alimtazama machoni, kama alivyozoea kuwatazama watu barazani, na akaona jambo lililomtia baridi. Kijana mwenyewe hakujua. Alikuwa amemtoa mtu baharini, akamweka njiani, akampa mluzi, na hakuwa na wazo lolote amfikishe wapi. Kila kipande alitafuta tu njia ya kuwaacha watu na uchu. Katika maisha yake yote Bwanausi hakuwahi kufungua mdomo kwenye baraza la mtu bila kujua msafiri analala wapi.

Mwezi uliandama na Chausiku hakukaa eda. Majaliwa alikuja na mihogo, akaambiwa arudi nayo.

"Nimekosa nini?" aliuliza, kofia mkononi, mbele ya soko zima.

"Hujakosa, kaka yangu. Mimi ni mke wa mtu."

"Mtu yupi?"

"Yu njiani."

Majaliwa alikuja kwa Bwanausi akakaa, akanywa kahawa kikombe kwa kikombe, akaondoka. Mihogo aliiacha pale barazani na ikaozea pale. Kwa Chausiku mambo yalizidi. Alipaka chokaa nyumba. Alitandika kitanda pande zote mbili. Kila jioni alikaanga kibua kimoja, akakiweka sinia mkia ukitazama mlango. Majirani walipopita waliharakisha. Na Faki wa Twalib alikuwa amevuka Pangani, amepita Mkwaja, analala mchana na kutembea jioni, na safari hii wasikilizaji walianza kujiuliza kwa nini mbwa wa vijijini hawambwekei.

Ndipo Bwanausi alipofanya ambalo hajawahi kulifanya. Hakuna aliyeuona mwili wa Mikdad. Hakuna aliyemwambia kitu. Lakini alifikiri hivi: kama uongo umemfufua mtu, uongo mwingine unaweza kumlaza, na yeye alikuwa hodari kuliko Twalib. Akaenda ufukweni akaokota kipande cha kamba ya kijani ya wavu, akakiloweka maji ya chumvi na kukianika mpaka kikapauka. Akafikiria kaburi, kwa sababu angetakiwa kuliongoza, akaliweka kwenye ufukwe ulioliwa na bahari, lisionekane tena. Alifikiria maneno. Siku tatu aliyapanga na kuyapangua, na moyo wake mkavu ukawa na raha ya ajabu, raha ya fundi aliyeshika tena chombo chake. Raha hiyo ndiyo iliyopaswa kumtisha.

Baada ya alasiri alizima makaa. Akavaa kanzu. Akapita mtaani na birika baridi.

Vijana wa bajaji hawakuelewa chochote, walipiga honi. Lakini bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchele aliona birika halitoi moshi, akasimama, punje zikamwagika, akaingia ndani na kufunga mlango. Kwa hatua chache mji ule wa zamani ulimrudia Bwanausi, kimya chake na heshima yake, na machozi yalimlenga.

Chausiku alimwona akija. Alikuwa amesimama barazani kwake, mikono imeshika nguzo.

"Karibu, babu," alisema kwa sauti ndogo.

Akakaa. Akaanza. Na alisimulia vizuri, Mungu ni shahidi, labda hakuwahi kusimulia vizuri namna ile. Alianza na wavu uliokatika, akaenda na mkondo, akamtaja msafiri ambaye hata akiwa na njaa alianza samaki mkiani. Aliuona uso wa Chausiku ukianza kulegea. Aliwaleta watu wema wa mwambao wasiomjua jina, wakamkuta msafiri mchangani amelala kama mtu aliyechoka, na kiunoni ana kamba. Hapo akakitoa kile kipande, akakiweka juu ya baraza. Chausiku akakigusa kwa kidole kimoja.

"Ngoja, babu," alisema. Akaingia ndani, akatoka na bilauri ya maji, akaiweka kando ya mzee. Kisha akakaa chini sakafuni kama mtu anayejiandaa kwa lililobaki.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi, kumlaza ubavu wa kulia mtu ambaye hakujua yuko wapi. Bwanausi alifungua mdomo na koo likawa kama limejaa mchanga. Zamani ukweli haukuwahi kumkausha koo. Akakohoa. Mkono wake wenyewe, bila kumwuliza, ukaenda kando, ukachukua bilauri, na akanywa.

Akaendelea. Wakamkosha, wakamkafini, wakamlaza. Alipomaliza aliinua macho, akitazamia kilio.

Chausiku alikuwa akitazama bilauri.

"Babu."

"Naam, mwanangu."

"Umekunywa maji."

Mzee akatazama. Ilibaki funda moja ndani ya bilauri. Maneno yote aliyokuwa nayo tangu magazeti ya kashata yalimtoka, hakuna hata moja lililobaki la kumsaidia. Chausiku akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomwogopesha kuliko moshi, kuliko sinia.

"Basi yu hai," alisema. "Angekuwa kafa usingekunywa. Kuna watu hawataki nijue, wakakutuma unizuie. Ndiyo kusema yu karibu." Akainama, akamshika mzee mkono, akaubusu. "Hukuzaliwa kusema uongo, babu. Usijilaumu."

Akakiokota kile kipande cha kamba, akakifunga kwenye ncha ya kanga yake.

Kipande kilichofuata kilitoka Alhamisi. Twalib alitaka kuwaonyesha watu ufundi wake wa kuchora mahali, na alichora kweli. Faki, alisema, alikuwa amejificha kwenye mdomo wa mto, mbele ya Saadani, ng'ambo ya mikoko, penye mvinje mmoja ulioinama kama mtu anayechota maji, na tawini kumefungwa kitambaa chekundu. Hapo alikaa akisubiri. "Halafu," ilisema sauti, "Faki akasikia mashine ya boti ikimjia kutoka kusini. Akasimama." Kikaisha.

Sharifu, kaka yake Chausiku, alikuwa na boti ya mashine. Alikuwa mtu mzito wa maneno, ambaye mpaka siku hiyo alimwona dada yake kama mgonjwa wa kuvumiliwa. Alisikiliza kipande hicho kwenye simu yake mara ya pili, akiwa amesimama.

"Mahali hapo napajua," alisema.

Asubuhi ya Jumamosi walikwenda kibandani kwa Twalib, Chausiku na Sharifu, na mzee akawafuata kwa nyuma alivyoweza. Chausiku alikuwa amevaa kanga aliyonunuliwa na Mikdad kabla hajaondoka, bado ina mikunjo ya kabatini.

"Twende, Twalib," alisema kwa upole. "Umeleta habari, sasa utuongoze."

"Niwaongoze wapi, dada?"

"Kwa Mikdad."

Twalib akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kucheka naye. "Dada Chausiku, wallahi nimetunga. Faki hayupo. Mto, mvinje, kitambaa, vyote nimevitunga hapa hapa, chini ya kitambaa hiki! Ni hadithi tu!"

Chausiku akamgeukia kaka yake. "Umesikia? Ndivyo wanavyosema."

"Mvinje ulioinama upo," alisema Sharifu. "Na kitambaa chekundu nimekiona mwenyewe, mwaka huu. Hakuna anayelala pale. Wewe hujawahi kupanda boti maishani mwako, Twalib. Nani kakwambia?"

Hapo rangi ikamtoka kijana. "Hakuna aliyeniambia," alisema, na sasa sauti yake haikuwa ile ya sufuriani. "Imenijia tu."

"Imekujia kutoka wapi?"

Mtu aliyewashika maelfu kwa masikio alisimama kati ya simu zilizofumuliwa, akifungua na kufunga mdomo. Akamwona Bwanausi mlangoni. "Mzee wangu, waambie! Wewe unajua! Waambie ni kutunga tu!"

"Anasema kweli," alisema Bwanausi. "Sharifu, mwanangu, nakuapia. Yule kijana alitunga."

Sharifu akamtazama bila hasira. "Na wewe juzi ulikuja kwa dada yangu na birika baridi. Ulitunga au hukutunga?"

Mzee akainamisha kichwa.

"Basi niambie, mzee. Lini tukuamini?"

Kwa miaka yote neno la Bwanausi lilikuwa na uzito wa jiwe la nanga katika mji ule, na alikuwa amelipoteza kwa funda chache za maji. Walimtoa Twalib kibandani. Hawakumpiga, hawakumfunga, Sharifu alimshika mkono tu, kama anavyoshikwa bwana harusi, na Twalib akaenda, kwa sababu watu wa soko walikuwa wamesimama wakitazama, na yeye hakuzoea kuonekana mwoga. Wahida aliacha karai lake akamwita Chausiku arudi. Chausiku akamwambia amwangalizie karai lake.

Botini kulikuwa na dumu la mafuta, mkate kwenye gunia, maji, na panga lililoviringishwa kwenye turubai, la kukatia mikoko, alisema Sharifu, ingawa hakuna aliyeuliza. Bwanausi aliingia majini mpaka magotini, kanzu ikielea nyuma yake.

"Na msipomkuta?" aliuliza.

"Tusipomkuta," alisema Sharifu akivuta kamba ya mashine, "huyu atatuonyesha alipomweka."

Bahari ilikuwa tulivu, jua limekwisha kupanda, watu wa mnada wanapiga kelele kama kila siku. Chausiku alikaa mbele kabisa, simu mapajani, na kabla mashine haijanguruma mzee aliisikia sauti ya Twalib ikitoka humo, safi, yenye furaha, ikisema kwamba Faki amesikia boti ikimjia kutoka kusini. Twalib mwenyewe alikaa katikati, amegeukia pwani. Mashine ikawaka. Alikuwa akimwambia Mzee Bwanausi jambo, midomo inakwenda haraka, labda mwisho wa hadithi hatimaye, lakini hakuna neno lililofika.

Boti ikaelekea kaskazini. Karibu na pale mikoko inapoanzia, Chausiku alisimama mbele ya boti, akaweka vidole mdomoni kama anayepiga mluzi. Wakazunguka mikoko. Bwanausi alibaki majini, makaa ya birika lake yamezimika ufukweni nyuma yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa mara yake ya mwisho kuwaona.